Kalenda ya kuwinda bata mzinga Marekani na mjadala inayozua

Wakati wakulima wa Kenya wanapotifua mashamba wakisubiri mvua ya masika, mwindaji wa Marekani huwa amekwisha kutia bunduki yake mafuta na kuweka alama kwenye kalenda. Anayemngojea ni bata mzinga wa mwituni, ambaye msimu wake wa majira ya kuchipua hufunguliwa katika kila jimbo la nchi hiyo isipokuwa Alaska. Kusini mwa Florida huanza mapema Machi. Kaskazini, katika Pennsylvania na Maine, watu husubiri hadi mwishoni mwa Aprili au mapema Mei.

Kwa msomaji wa Kenya, nchi iliyopiga marufuku uwindaji mnamo 1977, huenda swali la kwanza likawa: mbona ndege huyu awindwe wakati wa kupandana na kutaga, majira ambayo busara ingetaka aachwe kabisa? Swali hilo ni la haki, na jibu lake ndilo linalotawala mipango yote ya msimu.

Dume mmoja hupanda majike kadha, na baada ya hapo hana kazi yoyote katika malezi. Jike hutaga mayai 10 hadi 12 hivi katika kiota kilichofichwa ardhini, kisha huatamia peke yake kwa siku 28. Akishapandwa, anaweza kuendelea kutaga mayai yenye uhai kwa wiki kadha bila kukutana na dume tena. Ndiposa sheria huruhusu kuuawa kwa dume pekee au, kwa lugha ya majimbo mengi, ndege mwenye ndevu. Ndevu zenyewe ni kishungi cha manyoya magumu mithili ya nywele kinachoning'inia kifuani. Maadamu majike wengi wamekwisha kupandwa, hoja inasema, dume akitolewa kizazi hakipungui.

Tahadhari hii ina historia chungu. Kufikia mwanzoni mwa karne ya 20, ukataji wa misitu na uwindaji usio na mipaka ulikuwa umemfuta ndege huyu katika majimbo mengi. Mnamo 1937 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoelekeza kodi ya bunduki ndefu na risasi katika uhifadhi wa wanyamapori. Majaribio ya kufuga vifaranga na kuwaachilia porini yaliambulia patupu, kwa kuwa ndege waliokuzwa kizimbani hawakujua kujihami. Ufumbuzi ulipatikana miaka ya 1950, maafisa walipoanza kuwanasa ndege wa mwituni kwa nyavu zilizofyatuliwa na mizinga midogo na kuwahamishia kwingine. Kwa Mswahili, bata mzinga kuokolewa na mzinga ni sadfa ya kuchekesha. Leo idadi yao hukadiriwa kuwa takriban milioni 6.

Hata jina lao la Kiingereza lina deni kwa Afrika. Kanga wetu walifika Ulaya kupitia kwa wafanyabiashara wa himaya ya Uturuki, wakaitwa kwa jina la nchi hiyo. Ndege wa Marekani alipowasili baadaye, Waingereza walimchanganya na kanga, naye akabaki na jina hilo hadi sasa.

Tukirejea kwenye maandalizi, siku ya kufungua ni kilele tu cha kazi ya wiki nyingi. Mwindaji makini hutembelea msitu mapema akitafuta nyayo, manyoya, na mahali ndege walipoparua majani makavu wakitafuta chakula. Ardhi ikiwa ya mtu binafsi, huomba idhini. Jioni husimama kimya na kuiga sauti ya bundi, kwani dume aliyekwisha kupanda mtini kulala hushtuka akajibu, na hivyo kufichua mti wake. Mwindaji hurejea kabla ya alfajiri, akaketi mbali kidogo na mti huo.

Hapo ndipo ufundi wenyewe unapoanza. Kwa kawaida jike ndiye humfuata dume, ila mwindaji hutaka kinyume chake. Huiga sauti ya jike kwa kijisanduku cha mbao au kibamba kidogo cha mpira kinachowekwa mdomoni, akimvuta dume hadi hatua 40 au pungufu, masafa ambayo bunduki ya marisau huua bila kujeruhi tu. Bata mzinga hana pua ya kutegemewa, lakini jicho lake ni kali mno, na kidole kikitikisika tu amekwenda zake.

Hatari kubwa humkabili mwindaji mwenyewe. Huwa amevaa mavazi ya mabaka, ameegemea mti, anatoa sauti ya ndege. Mwenzake anayenyemelea sauti hiyo anaweza kumfyatulia risasi. Kwa hivyo huonywa asivae nguo nyekundu, nyeupe wala buluu, ambazo ndizo rangi za kichwa cha dume. Pennsylvania imekwenda mbali zaidi na kuharamisha kunyemelea: ndege aitwe, au asiwindwe.

Mjadala mkali kwa sasa ni tarehe. Katika majimbo ya kusini mashariki, idadi ya ndege imeshuka, na baadhi ya wataalamu walihofu kwamba madume waliuawa kabla ya kumaliza kazi yao. Georgia ilisogeza msimu mbele mnamo 2022 na kupunguza idadi ambayo mtu anaruhusiwa kuua kutoka 3 hadi 2. Tennessee ilifanya vivyo hivyo mnamo 2023, ikichelewesha kwa wiki 2. Hata hivyo, utafiti uliofanywa katika jimbo hilo la Tennessee haukuonyesha kwamba kuchelewesha huko kuliongeza mafanikio ya viota.

Matokeo hayo yanaelekeza macho kwingine: kwa nyoka, rakuni na wanyama wengine wanaokula mayai, na kwa mashamba na misitu ambayo imekosa vichaka vya kuficha viota. Kubadilisha tarehe ni rahisi kuliko kurejesha vichaka, na pengine ndiyo sababu tarehe zilianza kuguswa kwanza. Kwa mwindaji, matokeo ni kwamba kijitabu cha kanuni cha mwaka jana hakitoshi. Sharti asome cha mwaka huu, jimbo kwa jimbo, kabla ya kununua leseni.