Kuondoa Chumvi Kabla ya Kupima

Kila aliyelelewa kandokando ya Ziwa Victoria amepata kula kayabo, yaani sangara wa chumvi, ambaye wafanya biashara wa Mwanza humpeleka hata Kongo. Mama yangu hamtii chunguni hivi hivi. Humloweka, akamwaga maji, akamloweka tena katika maji mapya. Chumvi hutoka, nyama husalia. Sikujua ya kwamba wataalamu wa maabara hufanya jambo kama hilo kabla ya kupima damu au mkojo kwa spektrometa ya masi.

Mashine hiyo hupima uzito wa molekuli. Molekuli hupewa chaji ya umeme, kisha katika mashine za namna moja hurushwa mahali pasipo hewa, nyepesi zikatangulia na nzito zikachelewa. Lakini chumvi huharibu kazi. Tuseme molekuli ina uzito wa 1000. Ikishikwa na haidrojeni yenye chaji, mashine husoma 1001. Ikishikwa na sodiamu ya chumvi, 1023. Na potasiamu, 1039. Basi kitu kimoja huonekana kama vitatu, kila kimoja kwa alama hafifu. Tena chumvi ikizidi mno, kile kitafutwacho hakionekani kabisa.

Nina sababu ya kulifuata jambo hili. Mdogo wangu aliugua kichocho cha tumbo. Choo chake kilipimwa kwa hadubini mara mbili, mayai yasionekane. Yalipoonekana mara ya tatu alikuwa amekwisha konda. Mayai yakiwa machache, hadubini huyakosa. Lakini minyoo hiyo hutoa vitu vyake damuni, navyo hufika katika mkojo, na kipo kipimo cha mkojo kinachokitafuta kimojawapo. Atakaye kutafuta vingine kwa mashine ile hana budi kushindana na chumvi ya mkojo kwanza.

Muhula huu mwalimu wetu wa Kemia alinipa kifuko cha selulosi, chembamba kama ngozi ya soseji. Nikatia mililita 10 za maji ya wanga na chumvi, nikakifunga kwa uzi, nikakiweka katika maji mililita 100. Asubuhi nikatia nitrati ya fedha katika maji ya nje, yakawa meupe kama maziwa: chumvi imetoka! Iodini haikugeuka buluu: wanga umebaki ndani. Nikashangilia upesi mno, kwani maji ya kifukoni nayo yaligeuka meupe. Mwalimu akaniuliza tu, "Mama yako huloweka mara moja?"

Chumvi hutoka mpaka ndani na nje ziwe sawa, kisha husimama. Kwa vipimo vyangu ilibaki sehemu 1 kati ya 11. Nilipobadili maji mara mbili zaidi, ilibaki sehemu 1 kati ya 1331, na nitrati ikaonyesha ukungu kidogo tu.

Hata hivyo kifuko kina kasoro: molekuli ndogo hutoroka pamoja na chumvi. Kwa tone dogo wataalamu hutumia kijibomba chenye punje za silika zilizovikwa kitu kama mafuta. Punje hushika protini, maji yenye asidi kidogo huosha chumvi, kisha kiyeyushi kingine huibandua protini. Kazi hiyo huisha kwa dakika chache. Kifuko changu kilichukua siku tatu.