Dengue: Siku ya kutolewa damu huamua maana ya kipimo

HOMA kali, maumivu ya kichwa na ya viungo ni dalili ambazo wakazi wengi wa Pwani huzihusisha moja kwa moja na malaria. Hata hivyo, mgonjwa anapopimwa na vimelea vya malaria kukosekana, yapo maradhi mengine yanayopaswa kushukiwa. Mojawapo ni dengue, ambayo pia huitwa kidingapopo.

Maradhi haya si mageni nchini. Yalizuka Malindi mwaka wa 1982, Mandera mwaka wa 2011 na Mombasa mwaka wa 2013. Huenezwa na mbu aina ya Aedes, ambaye huuma mchana na kuzaana katika maji yaliyotuama kwenye mapipa, magurudumu makuukuu na makopo yaliyotupwa.

Kwa kuwa dalili za dengue hufanana na za maradhi mengine, maabara ndiyo huthibitisha. Lakini jibu la maabara haliwezi kufasiriwa ipasavyo bila kujua mgonjwa alianza kuugua siku gani.

Virusi vya dengue vinapoingia mwilini, mfumo wa kinga huunda protini za kupambana navyo, ziitwazo kingamwili. Aina ya kwanza, IgM, kwa kawaida huanza kuonekana siku ya nne au ya tano tangu homa ianze, na huweza kudumu kwa miezi miwili au mitatu. Aina ya pili, IgG, hufuata baadaye na kubaki katika damu kwa miaka mingi. Kwa mtu aliyewahi kuambukizwa dengue awali, IgG hupanda upesi ilhali IgM huweza kuwa kidogo mno.

Njia inayotumiwa sana kuzitafuta kingamwili hizo ni ELISA. Sehemu ya maji ya damu hutiwa katika vishimo vidogo vya sahani ya plastiki pamoja na protini za virusi. Kingamwili zikiwepo hushikamana na protini hizo, na dawa maalumu inapoongezwa rangi hubadilika. Mashine hupima ukolezi wa rangi hiyo.

Kwa hivyo, mgonjwa aliyepimwa siku ya pili ya homa na kuambiwa hana IgM hapaswi kudhani kuwa amesalimika. Katika wiki ya kwanza, vipimo vinavyotafuta virusi vyenyewe, kama vile PCR, au protini yake ya NS1, ndivyo vinavyofaa zaidi.

Vilevile, kupatikana kwa IgG pekee hakuonyeshi kwamba homa ya sasa ni dengue. Huenda mtu aliambukizwa miaka mingi iliyopita. Isitoshe, aliyechanjwa dhidi ya homa ya manjano au aliyeugua Zika anaweza kupata jibu la kupotosha, kwani virusi hivyo ni vya ukoo mmoja. Ndiposa wataalamu huomba sampuli ya pili baada ya takriban wiki mbili. Kiwango cha kingamwili kikiwa kimeongezeka mara nne au zaidi, maambukizi mapya huthibitika.

Hata hivyo, matibabu hayapaswi kungoja majibu hayo. Mgonjwa anayeshukiwa kuwa na dengue anywe maji kwa wingi na kutumia parasetamoli. Aepuke aspirini na ibuprofeni, ambazo huweza kuzidisha uvujaji wa damu. Hatari huongezeka wakati ambapo homa inaanza kushuka. Maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, damu kutoka kwenye fizi au puani na uchovu mwingi ni ishara za kumkimbiza hospitalini mara moja.

Dengue ina aina nne za virusi, na anayeambukizwa aina nyingine kwa mara ya pili huwa katika hatari kubwa zaidi ya kuugua vibaya. Ni muhimu basi kila mgonjwa amweleze mhudumu wa afya tarehe ambayo homa ilianza, chanjo alizopata na iwapo amewahi kuugua dengue.