Kasa ya Duka na Mfuko wa Patroni

Mwenye depo ya vyakula katikati ya Makiso, hapa Kisangani, huombwa kutwa nzima. Mpwa amerudishwa nyumbani kwa kukosa minervali, yaani ada ya shule. Jirani anataka mfuko wa sukari, aandikwe kwenye daftari, atalipa mwisho wa mwezi. Binamu kutoka Lubunga amefiwa na hana fedha ya sanduku. Maombi hayo ni ya kweli, ndiyo maana yanaumiza. Lakini hesabu haina huruma: anayepata faida ya asilimia 10 kwa kila mfuko, akitoa mmoja bure, lazima auze mingine 10 ili tu arudishe fedha aliyonunulia ule mmoja. Na sukari iliyopanda mto kutoka Kinshasa kwa boti haitafuatwa na mzigo mwingine ikiwa kasa, sanduku la fedha za duka, ni tupu. Watu husema patroni asiyeweza kukataa ana moyo mwepesi. Mimi naona kasoro iko kwenye kasa yenyewe. Fedha ya biashara na fedha ya mwenye biashara zikikaa droo moja, hana sababu ya kweli ya kukataa, maana fedha anayo na wote wanaiona.

Mji huu umewahi kuyaona hayo kwa kiwango kikubwa. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zitapewa Wazaire. Kisangani, kama kwingineko, wengi waliopewa maduka waliuza mali iliyokuwemo, wakala fedha, wasinunue nyingine. Mwanaanthropolojia Janet MacGaffey, katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu wafanyabiashara wa Kisangani, alionyesha pia kundi dogo lililo tofauti, wanawake wakiwemo, waliojijenga bila vyeo vya serikali na kuirudisha faida katika biashara. Barabara zilikuwa mbovu kwa wote; kilichowatofautisha ni walichoifanyia fedha.

Asiyeweza kukataa waziwazi hujificha, na kujificha kuna bei yake. Wachumi Pamela Jakiela na Owen Ozier, katika utafiti wa vijijini Kenya waliouchapisha mwaka 2016, waliwapa watu fedha za kuwekeza. Wanawake ambao ndugu zao walikuwepo kwenye jaribio hilo walielekea kuwekeza kwa namna ya kuficha kiasi walichopewa, ingawa kufanya hivyo kulipunguza faida waliyoweza kutarajia. Biashara inayofichwa haiwezi kukua, kwa sababu kukua kwake kunaonekana.

Nitaambiwa kwamba hapa ndugu ndio bima: ukiugua ni wao, ukifa ni wao, na anayekataa huitwa mchoyo, pengine hata ndoki, yaani mchawi. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote na siipuuzi. Lakini tuitazame likelemba. Kila mmoja hutoa kiasi kilekile kwa siku iliyopangwa, na fungu lote huenda kwa mwenye zamu. Mwingine akija na shida yake, hawezi kulichukua ila mwenye zamu akubali kumwachia, wala hakuna anayemwita mweka hazina mchoyo. Jamii hii hii inayodaiwa kutovumilia hapana huipokea kila wiki, mradi utaratibu ulitangazwa kabla ya shida kufika. Kinachoudhi ni hapana ya ghafla, inayomwangukia huyu na kumruka yule.

Sheria nayo iko upande wa patroni. Kongo imo katika OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, tangu 2012, na hata mtu mmoja anaweza kuunda SARL, yaani kampuni ya dhima yenye kikomo. Tangu SARL inaposajiliwa, mali ni ya kampuni, na kifungu cha 891 cha sheria ya makampuni ya OHADA kinatishia adhabu ya jinai kwa meneja anayeitumia kwa nia mbaya kwa faida yake binafsi. Asiye na SARL anaweza kufuata mwenendo huohuo: ajilipe mshahara, fedha isitoke bila saini ya pili, na msaada kwa ndugu utoke kwenye mshahara, usitoke kasani. Hivyo binamu wa Lubunga atapata kitu, na mwezi ujao duka litakuwa bado wazi.

Wenye maduka wa Kisangani, amueni mshahara wenu kabla mzigo ujao haujafika bandarini. Uandikeni, kisha iiteni familia na kuiambia mapema ni kiasi gani kitatengwa kwa misaada kila mwezi.