KUZITAMBUA JENASI ZA MENDE KWA MAUMBILE YAO

Wananchi wanaarifiwa kuwa mende, au kombamwiko, wanaoingia majumbani na maghalani si wa jenasi moja, na dawa iliyowekwa pasipo makazi yao hupotea bure. Kabla ya kupuliza, mdudu atazamwe ukubwa wake, ngao inayofunika shingo na mabawa yake.

(a) Periplaneta. Ni mkubwa, mwekundu wa kahawia, urefu milimita 35 hadi 40. Ngao yake ina ukingo wa manjano. Mwaka 1758 Linnaeus alimwita wa Amerika, ingawa asili yake ni Afrika. Hukaa vyooni na makaroni.

(b) Supella. Naye ni wa Afrika. Urefu milimita 10 hadi 14. Mikanda miwili hafifu hukatisha mwili wake. Hupenda pakavu na juu, kama vile makabatini na nyuma ya picha.

(c) Blattella. Hulingana na Supella kwa ukubwa, lakini juu ya ngao ana mistari miwili myeusi ya urefu. Hukaa jikoni, penye joto na maji. Jike hubeba kifuko chenye mayai yapatayo 30 au zaidi hadi yakaribie kuanguliwa, ilhali majike wa jenasi mbili za juu hukibandika mahali wakakiacha.

Mende hutoka chooni akapita juu ya chakula, akieneza vijidudu vya kuharisha. Kwa kuwa dawa haipenyi vyema katika vifuko, wananchi wanahimizwa kuvitafuta na kuviponda, na kufunika chakula wakati wote.