Je, Wajua? Sauti ya Abiria Ndani ya Helmeti

Watu wengi wa Kisii na Nyamira, waonapo kile kidude cheusi kilichobanwa ubavuni mwa helmeti ya mpanda pikipiki kubwa apitaye kuelekea Migori au Kisumu, hudhani kwamba ni redio ya kusikilizia muziki, anasa ya wenye fedha na safari zisizo na haraka. Na dhana hiyo, ijapokuwa ina asili yake, imekificha machoni pa watu chombo ambacho manufaa yake ya haki yangalipaswa kuonekana kwanza katika nchi ya milima kama hii, ambako nyumba nyingi humtegemea mtu wa boda boda na ambako abiria, kwa desturi, hana njia ya kusema neno likasikika. Chombo hicho ni intakomu: spika mbili nyembamba masikioni, maikrofoni mbele ya mdomo, betri, na redio ndogo ya Bluetooth iwaunganishayo aliye mbele na aliye nyuma, wakasemezana wote wawili kwa wakati mmoja, pasipo kubonyeza kitufe na kungojeana zamu.

Tazama hali ilivyo leo. Mama aliyepanda Daraja Mbili akielekea Kebirigo, akitaka kusema kwamba mtoto amelegea mgongoni, au kwamba leso yake imekaribia gurudumu, au kwamba mteremko ule unamtia hofu, hana budi kumgonga dereva begani na kupiga ukelele. Naye dereva, kwa kuwa sauti humfikia vipande vipande katika mngurumo wa injini, hugeuza shingo ili asikie vyema. Pikipiki iendayo kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kwa kila sekunde, na swali na jibu lake huchukua sekunde mbili au tatu; basi mwendo wote huo, ambao katika barabara ya Keroka waweza kuwa na shimo, ng'ombe na lori la majani chai kwa pamoja, huendwa na mtu ambaye macho yake yako nyuma. Na wapo wengine, nao ndio wanihuzunishao zaidi, ambao huichomeka simu baina ya helmeti na shavu wakazungumza na mtu aliye mbali, ilhali yule waliyempakia, ambaye uhai wake umo mikononi mwao, hasikiki.

Haja hii si mpya. Mwaka 1917, katika chuo cha marubani cha Gosport, kusini mwa Uingereza, Robert Smith-Barry alikuwa akifundisha watu kuruka kwa ndege zilizo wazi, ambamo mwalimu na mwanafunzi walikaa karibu sana na wasisikilizane kwa sababu ya upepo na injini. Na dawa iliyopatikana huko ilikuwa mpira mrefu wa kusemea, uliotoka kinywani mwa mwalimu hadi masikioni mwa mwanafunzi, ambao hata baada ya vita uliendelea kuitwa kwa jina la mji ule. Intakomu ya pikipiki ni mjukuu wa mpira huo, isipokuwa mpira umeondolewa na mawimbi ya redio yakatiwa mahali pake.

Lakini hikma yenyewe haimo katika redio; imo katika maikrofoni, nayo yastahili kuelezwa kwa utulivu, maana wanaokinunua chombo hiki na kukilalamikia aghalabu hawakuijua. Maikrofoni ya kawaida ina tundu moja, na kila sauti iingiayo humo hukitikisa kiwambo chake, iwe ya mtu au ya injini. Maikrofoni iliyo njema ya helmeti ina matundu mawili, moja mbele likiuelekea mdomo, la pili nyuma, na kiwambo kimetegwa katikati yao, hata sauti ikikisukuma kwa nguvu sawasawa pande zote mbili hakiendi popote, kisiposogea hakuna umeme utokao, na umeme usipotoka hakuna lisikikalo. Chukua basi mdomo ulio sentimita 1 kutoka tundu la mbele na sentimita 2 kutoka tundu la nyuma. Kwa kuwa nguvu ya sauti itokayo mahali padogo hupungua nusu kila umbali unapoongezeka maradufu, neno la msemaji hulifikia tundu la mbele likiwa na nguvu mara mbili ya lile la nyuma, na tofauti hiyo hukisukuma kiwambo. Injini nayo, iliyo yapata sentimita 70 kutoka hapo, kwake sentimita moja zaidi si kitu: hugonga mbele na nyuma kwa nguvu ambazo tofauti yake haifiki sehemu 2 katika 100. Hivyo injini hujifuta yenyewe na neno likabaki.

Aidha, kujifuta huko hutimia vizuri zaidi kwa sauti nzito kuliko kwa sauti nyembamba. Injini ya silinda moja, kama zilivyo za pikipiki zetu za boda boda, inapozunguka mara 6,000 kwa dakika hulipua mafuta mara 50 kwa sekunde, na wimbi la sauti ya kima hicho lina urefu wa karibu mita 7, hata matundu mawili yaliyotengana kwa upana wa kucha huliona kuwa ni msukumo mmoja ufikao wakati mmoja. Upepo ndio adui wa namna nyingine, kwa maana hauji kama wimbi moja refu, bali huvunjika penye ukingo wa helmeti ukawa vizingia vidogo vidogo, kimoja kikagonga tundu la mbele na kingine la nyuma bila ya kufanana, na visivyofanana havifutani. Kwa ajili hiyo ndipo pakawekwa kile kipande cha sponji, ambacho watu hukitupa wakidhani ni cha kufungia mzigo tu. Asiyekuwa nacho, au aliyeigeuza maikrofoni ikatazama nje, au aliyeiacha mbali na midomo kwa zaidi ya upana wa kidole, ameibatilisha hesabu yote niliyoieleza, kisha hulaumu betri.

Na hapa pana jambo ambalo sijaona likisemwa na wauzaji. Katika barabara kuu za Ulaya, ambako vyombo hivi hununuliwa kwa wingi, mwendo wa kilomita 100 kwa saa hutia ndani ya helmeti kelele za upepo zinazokaribia desibeli 100 au kuzipita, na maikrofoni hushindana na adui asiyefutika. Katika miinuko ya Manga, au pikipiki inapopanda kuelekea Nyansiongo kwa gia ya pili na magunia mawili ya ndizi, upepo ni haba na kelele karibu yote ni ya injini, yaani ile hasa ambayo matundu mawili huishinda. Kwa kadiri ya fizikia, chombo hiki kinafaa zaidi mlimani kwa mtu wa boda boda kuliko kwa tajiri apendaye mbio.

Habari ya redio naifupisha. Bluetooth, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1994 katika kampuni ya Ericsson, mjini Lund, Sweden, na kupewa jina la Harald, mfalme wa Wadeni wa karne ya 10, hugawanya masafa yake katika njia 79 na kurukaruka baina yake hadi mara 1,600 kwa sekunde, kwa mpangilio unaotokana na anwani na saa ya kifaa kimoja cha jozi; kwa hiyo hata stejini penye pikipiki nyingi, maongezi ya helmeti mbili hayaingii katika helmeti ya tatu. Matangazo hujisifu kwa umbali wa kilomita moja na zaidi, ambao kwa watu wawili waliotengana kwa nusu mita ni fedha zilizotupwa. Bora fedha hizo zitafute alama ya IP67, maana yake vumbi halipenyi na maji ya mita 1 huvumilika kwa nusu saa, kwa kuwa mvua ya nchi hii ya Gusii hupita milimita 1,500 kwa mwaka na haina staha na vyombo vya umeme.

Lililo baya zaidi ni betri iliyogandishwa kwa gundi ndani ya kifuko kisichofunguka, hata ikichakaa chombo kizima hutupwa pamoja na spika na redio zilizo salama. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 imemtwika mzalishaji dhamana ya bidhaa yake mpaka mwisho wa uhai wake. Basi ingefaa waagizaji waulizwe kwa nini hawaleti vyenye skrubu, ilhali mafundi wa simu wa mjini Kisii, ambao hubadili betri za simu kila siku, wangevifufua kwa muda mfupi.

Hata hivyo yote haya yanahitaji helmeti ya pili, nayo ndiyo iliyopuuzwa. Marekebisho ya Sheria ya Trafiki ya mwaka 2012 yamemlazimu abiria, kama dereva, kuvaa helmeti na jaketi la kuakisi mwanga, na abiria asizidi mmoja. Lakini helmeti ya abiria, panapokuwapo, huning'inia kwenye usukani, imelowa, haina kamba ya kidevu, na akina mama hukataa kuivaa kwa ajili ya jasho la kichwa cha mwingine, nami siwalaumu. Kitambaa chepesi cha kuvaa ndani, kifuliwacho kila jioni, kingeondoa udhuru huo kwa gharama ndogo, na serikali za kaunti za Kisii na Nyamira pamoja na vyama vya waendeshaji zingeanza hapo kabla ya kununua kifaa chochote. Intakomu isiyo na helmeti iliyokaza haina pa kukaa, na maikrofoni iyumbayumbayo haisikii.

Matumizi mengine ni mengi: mwalimu wa udereva amwelekezaye mwanafunzi bila ya kumpigia kelele, mgonjwa apelekwaye hospitali ya rufaa ya Kisii, aseme anazidiwa, sauti ya ramani ya simu, macho yakabaki barabarani, mgeni aonyeshwaye machimbo ya mawe ya Tabaka, misafara ya harusi, wakaguzi wa majani chai waendao vituoni wawili wawili.