JICHO LINAPODANGANYA



Nilipokuwa darasa la tano nilichapwa viboko vingi kwa ajili ya hesabu. Mwalimu aliandika 8 ubaoni, nami nikanakili 3. Akasema mimi ni mvivu, nami nikamsadiki. Nilidhani kila mtu auona ubao kama niuonavyo mimi, yaani umefunikwa na ukungu. Mtu hawezi kuazima macho ya jirani apate kulinganisha.

Kazi ya jicho ni hivi. Mwanga hupita katika konea, ngozi ile nyangavu ya mbele, ukaingia kwa tundu la mboni, kisha lenzi huukusanya ili uangukie retina, utando ulioko nyuma. Picha ianguka­yo hapo imepinduka, kichwa chini miguu juu. Mshipa wa fahamu hupeleka habari kwenye ubongo, na ubongo ndio uonao hasa. Basi jicho langu ni refu kidogo kuliko ipasavyo, hata mwanga hukutana kabla ya kuifikia retina. Kitabu kilicho karibu nakisoma vizuri. Cha mbali chote ni ukungu. Miwani yangu ina vioo vyembamba katikati, vinavyoutawanya mwanga kwanza ili ukutane mbele zaidi. Siku daktari mmoja hapa Kampala aliponivika, niliona kuwa mwembe wa ng'ambo ya barabara una majani, moja moja. Nilikuwa na miaka 14.

Nawe mwenye macho mazima, usijisifu. Chora msalaba mdogo katika karatasi, na kuume kwake, mbali sentimeta 8, tia nukta nene. Fumba jicho la kushoto, kaza la kuume juu ya msalaba, ukiivuta karatasi polepole kutoka urefu wa mkono. Ifikapo kama sentimeta 30, nukta itatoweka! Pale mshipa utokapo nje ya jicho hapana retina. Siku zote una shimo hilo, ila ubongo hulijaza kwa kubahatisha, wala haukuambii.

Lakini kuna upofu usiojua miwani. Kwenye Mto Nile karibu na Jinja alikuwako inzi mdogo mweusi aliyeitwa mbwa (msicheke), azaliwaye katika maji yaendayo kasi. Akiuma huingiza minyoo mwilini. Watoto wa minyoo hao hutembea chini ya ngozi hata machoni, na wakifia humo huacha makovu, mtu akapofuka. Dawa ya DDT ilitiwa mtoni, na katika miaka ya 1970 mbwa wakawa wamekwisha huko. Waliokwisha pofuka hawakurudishiwa macho yao.

Katika madarasa yetu ya chini yuko mtoto mmoja akunjaye uso kila atazamapo ubao. Juma lililopita nilimwazima miwani yangu, ingawa si kipimo chake. Alinyamaza kitambo, kisha akasoma tarehe kwa sauti.