Fahamu: Njia ya nywele na macho ya watu

Njia ni mstari unaogawa nywele kushoto, kulia au katikati. Ukiihamisha uso hubaki uleule, lakini watu wanaweza kukuona tofauti.

Wazo lilitoka wapi?

Kaka na dada wa Marekani, John na Catherine Walter, walidai kwamba njia ya kushoto humpa mtu sura ya mamlaka, na ya kulia sura ya upole. Ushahidi wa kisayansi ni mdogo. Lililo wazi ni kwamba kioo hugeuza pande: njia uliyoizoea kiooni, wenzako huiona upande wa pili.

Kwetu, Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, Tanzania

Nywele za kipilipili hazilali, hivyo kinyozi huichora njia kwa wembe au mashine. Patrice Lumumba, Waziri Mkuu wa kwanza wa Kongo mwaka 1960, alitambulika Afrika nzima kwa mstari huo na miwani yake. Kwangu, hakuna mfano ulio bora zaidi. Ng'ambo ya ziwa, Malawi ya Rais Kamuzu Banda iliwakataza wanaume kufuga nywele ndefu. Upande wetu, wanafunzi wengi wa Mbinga na Mbamba Bay hutakiwa kunyoa. Uhuru wa kuchagua njia huja baada ya shule.